Firigisi ya Baba

Baada ya maradhi yaliyoua wengi, Mfuko wa Kuinuka wa serikali uliamua kwamba kila nyumba iliyofiwa ipelekewe mtu wa kazi ileile ya marehemu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, basi nikaletewa Shomvi. Anafika asubuhi, anashona barazani, jioni anakwenda kwao. Watoto wanakula, nisiwe mwongo. Ila mpaka leo sijui nimwite nani.

Jana nilipika kuku. Nikapakua, nikabaki na firigisi kwenye upawa. Kwetu firigisi ni ya baba.

"Mama, hiyo ya nani?" akauliza Mishi, binti yangu.

Nikaitia kwenye sahani, nikampelekea Shomvi. Aliitazama, akaacha kushona.

"Dada, hii siiwezi," alisema. "Mke wangu naye alikwenda na maradhi yaleyale. Alikuwa mama ntilie, na nyumbani wameniletea mama ntilie mwingine. Juzi alipika kuku, firigisi akaniwekea mimi, kama alivyokuwa akifanya mwenzangu."

"Ukaila?"

"Niliila. Watoto wangu hawajanisemesha tangu siku hiyo."

Nikageuka niirudishe jikoni. Mishi alikuwa amesimama mlangoni, anaiangalia sahani.