Kitufe cha Kwanza

Fundi Kaombwe alifungua boneti ya pikapu na kumwonyesha Nyamizi betri mbili, moja kila upande. Zote zilikuwa zimechoka. Haifai kubadilisha moja tu, akasema, kwa sababu ile kuukuu huinyonya mpya hadi zote zife. Hizo mpya alikuwa amezichaji tangu asubuhi.

"Nikizitoa zote kwa mpigo, gari litasahau mambo. Saa, redio, mkao wa kiti."

"Kiti?"

"Vile vitufe vya mlangoni. Ukibonyeza, kiti kinajisogeza anapopenda dereva, kila mmoja na kitufe chake. Cha kwanza ni chako?"

"Cha marehemu," alisema Nyamizi, kwa sauti ile ile aliyoagizia betri.

Kaombwe alipangusa spana. "Basi nitabadilisha moja baada ya nyingine, umeme usikatike. Utanisubiri kidogo, shemeji."

"Nitasubiri."

Alifunga ya kwanza, akahamia upande wa pili. Taa ndogo ya ndani haikuzimika. Nyamizi aliitazama muda wote, mkoba kifuani.

"Tayari. Kaa, kanyaga breki, uwashe."

Nyamizi aliingia. Kiti kilikuwa mbele, mahali pake yeye. Alibonyeza kitufe cha kwanza, ambacho hakuwa amekigusa tangu mazishi. Kiti kikanguruma, kikarudi nyuma taratibu, kikalala kidogo, kikasimama.

"Washa, shemeji," Kaombwe aliita kutoka nyuma ya boneti.

Nyamizi aliegemea. Miguu yake ilining'inia mbali na breki.