Kiatu cha Kushoto

Mshale wa mizani aliyowekwa mwanangu ulisimama kwenye kilo nne na nusu, palepale uliposimama mwezi uliopita. Muuguzi aliigonga mizani kwa kidole, akidhani labda umekwama. Haukuwa umekwama.

"Maziwa yake hayatoshi," mama mkwe wangu alisema kabla hajaulizwa, akininyooshea kidole. "Nampikia uji asubuhi na jioni, lakini huyu anadonoa tu kama kuku mgonjwa."

Muuguzi akanigeukia. "Unamnyonyesha mara ngapi?"

"Kila anapolia."

"Kuna dawa yoyote unayomeza? Hata vidonge vya kupanga uzazi, niambie. Kuna aina inayopunguza maziwa."

Ndani ya kiatu changu cha kushoto, ncha ya paketi ya vidonge ilinichoma kisigino. Nilikuwa nikiikanyaga kwa wiki sita. Nyumbani hakuna droo ambayo mama mkwe haifungui.

"Vidonge vya nini tena?" Mama mkwe alicheka. "Mwanangu anataka watoto sita. Huyu ni wa nne tu."

Mtoto hakulia pale kwenye mizani. Alikuwa ameibana ngumi yake mdomoni akiinyonya kwa bidii, mashavu yakibonyea kila alipovuta, kama mtu mwenye hakika kwamba humo kuna kitu.

"Nimemuuliza yeye, mama," muuguzi alisema taratibu, macho yake yakiwa kwangu.

Niliinama, nikaanza kufungua kamba za kiatu.