Mtani Kimya Msibani

Gama alichoka kuona baba yake anazikwa kama mtu asiye na watani. Mzee Kihwele, Mhehe, mtani wa marehemu, alisimama kando ya jeneza akikikodolea macho kidude cha polisi ukutani. Kila nyumba ilikuwa nacho: ukikejeli kabila la mtu, kinawaka na askari anakuja. Mtaa ulikuwa umemaliza mwaka bila kosa, na watu walilala vizuri tu.

“Mzee, vipi? Mbwa uliyemla asubuhi kakukwama kooni?” Gama akaropoka.

Kidude kikawaka chekundu. Kihwele akacheka. “Si kimeshawaka? Nyie Wangoni, leo panya wanasherehekea, mlaji wao kafa!”

Mama Gama, siku tatu hajasema neno, akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

Gama, roho kwatu, akamwekea askari kiti, akavaa sweta la kulalia mahabusu.