Bibi Asipocheka

"Mke wangu, meno yako yalikwenda wapi? Yalitoroka jeshi?"

Byron Wanyama aliyasema hayo kabla hata hajakaa. Kikongwe mwenye nywele nyeupe akavuta leso akajifunika uso. Byron akafurahi. Kumbe bibi anaujua mchezo!

Wiki nzima mchumba wake Akwero, kitindamimba wa nyumba hii ya Kyebando, alikuwa akimfundisha.

"Kwetu Acholi mzaha haurushiwi mtu yeyote tu. Ukimtania mama mkwe, umemtukana, ujiondokee mwenyewe. Lakini bibi yangu ni mke wako. Usipomtania, umemdharau. Na bibi asipocheka, hakuna harusi."

"Ya mama mkwe najua," Byron alijibu. "Hata kwetu Bungoma haangaliwi usoni."

Sasa Akwero alikuwa ametoka kununua soda, akiruka madimbwi ya barabara inayoahidiwa lami kila uchaguzi. Babu yake, sajenti mstaafu, alikuwa kwenye foleni ya pensheni, ile ambayo mwisho wake ni "rudi kesho". Byron akaona ndiyo nafasi.

"Hiyo fimbo ni ya kutembelea au ya kufukuzia wanaume?"

Kikongwe akageukia ukuta.

"Unanipa mgongo? Haya, hata huo mgongo nauoa!"

Kikongwe akainuka, akajikwaa kwenye kigoda, akatokomea nyuma ya pazia la jikoni, mabega yakimtikisika. Anacheka! Byron akajiona yuko kanisani tayari, suti imembana.

Asiyecheka alikuwa msichana mmoja tu mwenye rasta nyekundu, aliyemimina chai kwa kugongagonga vikombe.

"Asante, dada," Byron akamwambia, macho chini, heshima zote.

"Dada? Mimi dada yako?" Akasonya.

Byron akavuta kikombe chake. Watoto wa kambi za jeshi, akawaza, ukali wanaunyonya kwenye maziwa.

Akwero akaingia na soda zake. "Mmesalimiana?"

"Bibi yako nimemmaliza! Amecheka mpaka amekimbilia jikoni."

Mwenye rasta akatua birika kwa kishindo.

"Bibi gani? Tangu babu yenu anioe, bibi wa nyumba hii ni mimi. Nimekaa hapa nangoja mume wangu anitanie, ananiita dada!"

Akwero akasogea taratibu mpaka kwenye pazia.

"Mama," akaita kwa sauti ndogo, "amekwambia nini?"