Kijiti Chenye Ukoko

Sentensi ilikuwa imeshaandikwa kwenye hati ya kiapo na wakili wa kiwanda: ubunifu huu ungemjia fundi yeyote. Ilibaki Wakiuru, mwalimu wa kemia wa Buruburu, atie sahihi kama shahidi, na fundi mmoja wa Mowlem angekosa hataza, ile haki ya uvumbuzi, ya kifaa alichokibuni cha kupima asidi ya betri.

Lakini hakusaini kwanza. Akakipeleka kifaa mtaa wa Ziwani, kwa mzee aliyekuwa akichaji betri tangu kabla ya Uhuru, wala hakumwambia siri ya kifaa.

“Mshale wa mita hii unatangatanga, Mzee. Ungefanyaje utulie?”

Mzee hakusita. Alikichomoa kijiti cha madini ya risasi kilichochovywa kwenye asidi, akakipiga msasa mpaka kikang'aa, akakichovya tena kwenye asidi. Mshale ukayumba. Akakwaruza tena. Mara ya nne akasonya.

“Mita yako imekufa, mwalimu.”

Wakiuru akatoa mkobani kijiti kingine, ambacho yule fundi alikiacha makusudi kikaota ukoko mweupe kama wa sufuria ya ugali. Akakichovya hivyo hivyo. Mshale ukapanda, ukasimama tuli.

Mzee akainama kutazama, kisha akacheka hadi akashika mbavu.

“Kumbe ni kuuacha tu uchafu wake! Hiyo si hata mtoto angejua?”

Alikuwa bado anacheka alipokichukua kile kijiti chenye ukoko na kuanza kukipiga msasa.

Wakiuru akafungua kalamu, akaikata ile sentensi ya “fundi yeyote”.