Sekela Avuka wa Mwisho

Uvumi kwamba mto ule ulimeza gari mwaka jana haukumtoka Mama Sekela akilini. Leo chama cha wenye magari ya zamani ya Landrova kilikuwa matembezini, na bintiye, aliyekuwa usukani, alibaki wa mwisho kuvuka. Mama alishuka akasimama ukingoni.

"Shuka upime maji kwa miguu, mwanangu."

"Mama, wenzangu wote wamepita!"

"Ndio hao waliouchimba mchanga kwa matairi yao."

Ng'ambo wakacheka. "Mama, mtoto ataota magamba kama samaki!"

Sekela akashuka amenuna, akafuata njia ya wenzake akipima maji kwa fimbo. Katikati fimbo ikazama yote. Vicheko vikakatika. Akasogea kidogo upande mto unakotoka, fimbo ikagonga mawe.

"Mama, huku panapitika! Panda!"

Sekela akarudi kwenye usukani; Mama akapanda, akashika mlango kwa mikono miwili. Gari likaingia majini, likapita juu ya mawe hadi ng'ambo.

Usifuate matairi ya mwenzio. Usivuke maji usiyoyapima. Usione haya kuchekwa.