Masharti ya Kipindupindu

Wanja ndio ulioondolewa kwanza. Bi Kuluthumu aliingia chumbani kwa Maua, mke wa mwanawe, asubuhi moja ya masika, akauchukua wanja, akachukua hina na chupa ya marashi, akavifunga vyote kwenye upindo wa kanga.

"Vitu vya harufu huvuta nzi," alisema. "Na nzi ndiye kipindupindu mwenyewe."

"Na wanja nao unanukia, Mama?"

Bi Kuluthumu alikaza fundo la kanga. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni moshi wa kuni mbichi.

Maua alikuwa na mimba, baada ya nyingine mbili zilizoharibika, kwa hiyo hakubisha sana. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mkoani. Treni za abiria zilisimamishwa, vijiji vya ujamaa vilivyoguswa vilifungwa, na balozi wa nyumba kumi alipita mtaa mzima wa Gongoni akikataza watu kushikana mikono, kula misibani na kunywa maji yasiyochemshwa.

Lakini masharti ya Bi Kuluthumu yaliyapita ya serikali. Maua asitoke hata kwenda uani kwa jirani. Avae shuka za bafta nyeupe tu, maana nyeupe huchemshwa bila kuchuja. Na shemeji yake Lukumani, ambaye zamani alikuwa akiingia na kula mpaka chungu kikauke, sasa asimame nyuma ya pazia, maana mtu wa treni ya mizigo hukanyaga uchafu wa njia nzima.

"Hii si karantini, ni jela," Maua alilalamika. Hata hivyo akavaa bafta.

Lukumani alikuwa ndiye mleta salamu za mumewe. Twalibu, seremala, alikwenda Usinge kutengeneza milango ya shule ya kijiji, njia ya abiria ikafungwa akiwa huko huko. Kabla hajaondoka aliahidi jambo moja: mtoto akizaliwa, adhana ya kwanza sikioni mwake ataisoma yeye, hata ikibidi arudi kwa miguu kama wapagazi wa zamani. Maua alikuwa ameishikilia ahadi ile kuliko dawa za mkunga.

Zamani zile Lukumani akikaa mkekani, salamu zilikuja na utani. "Anasema Bi Mdomo asimalize karanga zote, amwachie na mtoto." Maua alicheka mpaka akashika tumbo.

Sasa, nyuma ya pazia, utani ulikuwa umekwisha.

"Twalibu hana taabu, shemeji."

"Basi?"

"Basi."

"Hakuniita Bi Mdomo?"

Lukumani alikohoa, akaaga, akaenda zake.

Mwanamume akiacha kukutania, Maua alijua, amepata mwingine wa kumtania. Moyo ukaanza kumchacha.

Kisha treni ya mizigo ikaleta kitanda cha mtoto. Kilikuwa cha mninga. Upande mmoja uling'aa, wa pili haukupigwa randa, na vibanzi vyake vilimchoma Maua vidole. Twalibu huyo huyo, ambaye hakuwahi kutoa hata kigoda kabla hajakilainisha! Alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Maua alikigeuzia kitanda ukutani asikione, akalia kwa uchungu wa mtu aliyefanywa mjinga.

"Pole, Maua," jirani yake Pelagia alimwambia dirishani. "Pole sana, mwenzangu."

"Nimeshapoa," Maua alijibu, akafunga dirisha. Kumbe hata Pelagia alijua. Mtaa mzima ulijua kwamba Twalibu ameoa Usinge, na mwenye mume ndiye wa mwisho kujua.

Akamkabili mama mkwe jikoni.

"Mama, niambie kweli. Mwanao ana mke huko aliko."

"Hana mke, Maua. Naapa kwa Mungu aliyemuumba."

"Basi na asirudi! Mimi nimeshamtoa moyoni."

Bi Kuluthumu aliketi chini pale pale, kwenye majivu. Kisha akainama kuupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mtoto alizaliwa alfajiri, mvua za mwisho zikipiga bati. Alikuwa wa kiume, mwenye sauti. Walipokuwa bado wanamfuta, treni ya abiria ilipiga honi stesheni, ya kwanza tangu njia ifungwe, na hasira yote ya Maua ikamwisha. Alimtaka mumewe, awe na mke mwingine au asiwe naye.

Nyuma ya pazia Lukumani akaomba apewe mtoto amsomee adhana.

"Usimguse!" Maua alisema. "Adhana ni ya baba yake. Aliahidi. Treni hiyo imefika, mngojeni."

Mkunga alimbeba mtoto mpaka kwenye pazia, na sauti ya Lukumani ikaanza, ikakwama, ikaanza tena.

Maua alitaka kuinuka agombe, lakini Bi Kuluthumu alikuwa ameingia na kanga mpya nyekundu, chetezo cha udi, na wanja ule ule. Maua alivitazama, machozi yakamtoka huku anacheka. Nani hupambwa hivi kama si mke anayempokea mume?

"Amefika, eti? Mama, amefika?"

Bi Kuluthumu alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kulifungua fundo la shuka nyeupe.

"Vua bafta, mwanangu," alisema. "Umeshajifungua. Eda yako imekwisha."